Boriti za nyumba ya bibi Bagamoyo: nichukue mkoko upi?

Swali limetoka kwa msomaji wa Bagamoyo. Bibi yake alimwachia nyumba ya mawe Mji Mkongwe, na dari ya chumba cha mbele imeanza kushuka. Boriti tatu zimeoza. Fundi amemwambia "mkoko ni mkoko, leta wowote", na kuna kijana aliyejitolea kumletea korija nzima, yaani boriti 20, usiku kwa bei nzuri. Pia familia ina kipande cha ardhi kinachogusa ufuko upande wa Kaole, na wamesikia kuna watu wanalipwa kwa kupanda mikoko. Ameandika: "Shikamoo mzee. Nataka kujua mti gani ni sahihi kwa dari, kama kuukata ni halali, na kama hiyo mikoko ina faida nyingine siku hizi zaidi ya kuni na nguzo."

Marahaba, mwanangu. Poleni na dari. Kabla hatujafika kwenye mti, nikuombe kitu kimoja: usinunue hata boriti moja mpaka umejua kwa nini hizo tatu zimeoza. Boriti ya mkoko iliyokaa pakavu haiozi kirahisi. Kwenye majumba ya zamani ya pwani yetu unakuta boriti zimebeba dari ya mawe na chokaa vizazi na vizazi, na katikati yake ni ngumu kiasi kwamba msumari unapinda. Inapooza, karibu kila mara huanzia kwenye ncha, pale ilipoingia ukutani.

Jipimie mwenyewe. Chukua bisibisi, panda ngazi, uichomeke boriti sentimita chache kutoka ukutani, kisha uichomeke tena katikati ya chumba. Ikiwa kule ukutani bisibisi inazama na kutoa unga wa kahawia, na katikati inagoma, basi ugonjwa haupo kwenye boriti. Upo ukutani. Na hapo nitakuuliza: je, ukuta wa nje ulipigwa lipu ya saruji? Naamini jibu ni ndiyo, kwa sababu nyumba nyingi za mawe Bagamoyo, Pangani na Tanga zimefanyiwa hivyo na watu wenye nia njema kabisa. Ukuta wa zamani umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Unanyonya maji ya mvua na unayaachia tena jua likiwaka. Ukiuziba kwa saruji, maji yanayopanda kutoka chini au kupenya kwenye nyufa hayana pa kutokea, yanatulia humo ndani pamoja na chumvi yake, na ncha ya boriti inakaa kwenye unyevu mwaka mzima. Weka boriti mpya kwenye ukuta huo, iwe ya mkoko bora kuliko yote, nayo itakwenda njia ile ile.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni bati linalovuja, mfereji wa maji ya paa, na hiyo saruji. Ibanduliwe, ukuta uachwe ukauke, kisha upigwe lipu ya chokaa. Kwa kuwa nyumba ipo Mji Mkongwe, pitia kwanza ofisi ya Mambo ya Kale hapo hapo Bagamoyo kabla fundi hajashika nyundo. Utaepuka usumbufu, na kule wapo watu wanaoijua chokaa kuliko fundi wako, ambaye kwa maneno yake ya "mkoko ni mkoko" simwamini sana.

Sasa tuje kwenye mti wenyewe, maana hapo ndipo fundi amekosea vibaya.

Mkoko kama jina la jumla ni msitu mzima wa miti inayovumilia maji ya chumvi. Pwani ya Tanzania ina aina kama 10 hivi, na mafundi wa zamani hawakuwahi kuzichanganya. Kwa dari walitaka mkoko wenyewe, ule ambao wengine huuita mkaka, wenye mizizi iliyoinama kama miguu ya kaa juu ya tope. Mti wake ni mwekundu ndani, mzito mno. Ukiutupa majini ukiwa mbichi unazama. Ganda na mti wake vina tanini nyingi, na mchwa hawaupendi. Huo ndio wa chumba chako.

Msinzi, ambao watu wa Lamu huuita muia, umenyooka kuliko mkoko na mara nyingi ni mrefu zaidi, ndiyo maana wauzaji wanaupenda. Ni mti mzuri wa kujengea, ila hauvumilii unyevu sawasawa na mkoko. Kwenye chumba kikavu utakufaa bila shida. Mkandaa haunenepi sana, lakini ni mgumu na umenyooka, hivyo ulitumika kwa pau, fito na kwa kusuka kuta za nyumba za udongo. Ukibomoa ukuta wa zamani wa udongo kule Kigombe au Moa, udongo unamwagika wote na fito za mkandaa zinabaki zimesimama na kamba zake.

Mchu ni habari nyingine kabisa, na ndio ninaoushuku kwenye hiyo korija ya usiku, kwa sababu unakua kwa wingi pembeni, karibu na nchi kavu, na kuukata ni rahisi. Mchu haufai dari. Unaoza. Ulipendwa na wachoma chokaa na wapika chumvi kwa ajili ya kuni, na mafundi wa majahazi na ngalawa waliuchagua kwa sababu nyuzi zake zimesokotana na haupasuki ovyo. Fundi wa jahazi hatafuti mti ulionyooka. Anazunguka msituni akitafuta tawi lililopinda lenyewe kwa kadiri ya ubavu wa chombo, alikate, limpe taruma lisilo na kiungo. Kwa kazi hiyo mchu na mlilana ndiyo iliyokuwa ikisifiwa. Mlilana ndio ule unaosimama mbele kabisa baharini, na mizizi yake inayochomoza juu ya tope ni laini na myepesi, wavuvi waliikata wakafanya maboya ya nyavu.

Mkomafi una mbao nzuri ya samani na milango. Ganda lake linabanduka mabaka mabaka kama la mpera, na tunda lake ni duara kubwa zito. Msikundazi hupenda sehemu za mtoni maji yanapopungua chumvi, na mafundi wa vyombo waliufanyia milingoti. Hii miwili haikuhusu kwa leo, ila ukiikuta kwenye kiwanja chenu iache, si mingi.

Utaitambuaje boriti iliyokwisha kukatwa, haina jani wala mzizi? Tazama ganda na kichwa. Ganda la mkoko lina mipasuko inayozunguka shina, na ukilikwangua chini yake ni wekundu. La msinzi ni jeusi, limekwaruza, na mipasuko inakwenda juu chini zaidi. La mchu ni laini, lina rangi ya kijani iliyochanganyika na njano, na linatoka magamba membamba. Kichwa chake kikikatwa utaona mapete mapete, ya rangi nyeupe na ya kahawia, yanayoonekana kutaka kuachana. Watu huyahesabu wakidhani ni miaka ya mti. Siyo; mchu hujijengea tabaka jipya bila kufuata mwaka. Sasa, ukiletewa boriti zilizokwisha kumenywa zote kwa uangalifu, jiulize aliyezimenya alikuwa anaficha nini. Ni kweli kwamba boriti ya dari humenywa, lakini afadhali imenywe mbele yako.

Juu ya vipimo: kwa mpangilio wa wafanyabiashara wa Lamu, pau ni kama sentimita 4 hadi 8 za unene, mazio 8 hadi 11, boriti kama 11 hadi 14, na juu yake ni nguzo. Huuzwa kwa korija, yaani 20. Angalia chumba cha bibi yako: nina hakika upana wake hauzidi mita 3 na kidogo. Si kwamba mababu walipenda vyumba vyembamba. Ule ndio urefu ambao boriti ya mkoko inaweza kubeba mawe, kokoto na chokaa iliyopondwa juu yake bila kupinda. Ramani ya nyumba za mawe kuanzia Lamu hadi Kilwa imeamuliwa na mti huu. Na si huku tu. Katika karne ya 10 mwandishi al-Istakhri alieleza kwamba majumba ya Siraf, bandari ya Ghuba ya Uajemi, yalijengwa kwa msaji na kwa miti kutoka nchi ya Zanj, ambayo ni pwani yetu. Kule hakuna misitu, kwa hiyo majahazi yalishuka na kaskazi yakiwa na tende, chumvi na mazulia, yakapakia boriti, yakarudi na kusi. Biashara hiyo iliendelea mpaka karne ya 20. Kenya ilipiga marufuku kusafirisha boriti nje mwaka 1982.

Maganda nayo yalikuwa na soko lake. Wajerumani walipotawala walisafirisha maganda ya mikoko, hasa kutoka delta ya Rufiji, kwenda Ulaya kulainishia ngozi kwa ile tanini niliyoitaja. Huku nyumbani wavuvi waliyachemsha wakaloweka kamba na nyavu za pamba zisioze, na kina mama wakapata rangi ya ukili wa mikeka. Nailoni ilipoingia, kazi ya nyavu ikafa. Rangi ya ukili bado ingeweza kuishi, kwa maoni yangu, kama wasusi wasingekuwa wanaletewa rangi za dukani zilizo rahisi na kali.

Tumefika kwenye korija ya usiku. Nitakuwa mkavu hapa. Mikoko ya Tanzania Bara ni misitu ya hifadhi ya serikali, hata ile iliyo mbele ya kiwanja chenu. Chini ya Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002, kuikata bila kibali ni kosa, na kuinunua ukijua haina kibali hakukuweki pazuri. Mzigo halali una kibali cha kuvuna, umegongwa nyundo ya misitu, na unasafiri na hati ya kusafirishia, ile inayoitwa TP. Mzigo wa aina hiyo haufiki saa nane za usiku. Upande wa kaskazini yenu, ile mikoko ya mdomo wa Wami ipo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, ambayo ilitangazwa mwaka 2005. Huko hakuna cha kibali wala nini. Huku kwetu Tanga sehemu kubwa ya ufuko kuelekea Pangani imo kwenye hifadhi ya bahari ya silikanti, yule samaki wa kale, tangu mwaka 2009. Nenda ofisi ya wilaya ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu, eleza kwamba unakarabati nyumba ya kale na unahitaji boriti tatu. Ukipewa, lipa, chukua risiti. Ukinyimwa, usinung'unike, kwa sababu zipo njia nyingine.

Njia ya kwanza ni kutobadilisha boriti kabisa. Ikiwa bisibisi imekuonyesha kwamba ni ncha tu zilizooza, fundi mwenye akili anaweza kukata sehemu mbovu na kulaza mhimili mmoja chini ya boriti zote tatu, sambamba na ukuta, ukiwa umekaa juu ya vishikizo vya mawe au nguzo mbili. Boriti zinaegemea mhimili, haziingii tena kwenye unyevu. Ni marekebisho ya kizamani, yapo kwenye nyumba nyingi, na hayana ubaya wowote wa sura. Kwa mhimili tumia msaji wa kiini. Muheza kuna shamba la misaji la serikali la Longuza, na mbao zake zinapatikana Tanga mjini kihalali. Ila sisitiza kiini, ile sehemu ya kahawia. Misaji michanga inayopunguzwa shambani ni nyeupe karibu yote, na weupe ule huliwa na mchwa kama mti mwingine wowote. Watu wengi wameuziwa jina la msaji wakapata weupe.

Njia ya pili ni mvinje au mkaratusi uliotiwa dawa. Mvinje unapandwa, umenyooka, na ukiwa ndani ya nyumba pakavu unabeba vizuri. Kama juu ya dari bado kuna mawe na chokaa ya zamani, usibahatishe unene. Mwambie fundi asogeze boriti karibu karibu zaidi kuliko zilivyokuwa.

Sasa faida za kisasa. Zipo, na karibu zote zinataka mti ubaki umesimama. Ya kwanza kwa uzoefu wangu ni nyuki. Mchu, huu niliousema vibaya hapo juu, una maua madogo ya njano yanayotoa asali nyingi, na mizinga huwekwa kwenye matawi juu ya mstari wa bamvua, yaani pale maji makubwa yanapofika. Hakuna anayechoma moto msitu wenye mizinga yake, wala wezi hawapendi kutembea topeni usiku wakiwa na nyuki juu ya vichwa vyao. Nyumba zilizo karibu sana na ufuko ziwe mbali na mizinga, hilo sihitaji kukueleza.

Kuna kaa koko, ambaye anauzika hoteli za Bagamoyo na Dar es Salaam akiwa hai na mwenye uzito. Baadhi ya vikundi hufuga kaa wembamba kwenye vizimba vya fito mpaka wanenepe. Kazi hiyo inalipa ikiwa kuna chakula cha kaa cha bei ndogo, yaani mabaki ya samaki. Mkianza kuwanunulia samaki wa kuliwa na watu, mtamaliza mtaji. Kamba na samaki wengi wanakulia utotoni humo humo kwenye mizizi, na hiyo ni faida ya wavuvi wote, hata wasioujua msitu.

Halafu kuna hiyo habari ya kulipwa. Si uongo, ila imepita midomo mingi kabla ya kukufikia. Kule Gazi, kwenye kaunti ya Kwale nchini Kenya, wanakijiji wanahifadhi hekta 117 za mikoko chini ya mradi unaoitwa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013, na huuza hewa ya ukaa inayozuiwa na msitu wao. Fedha hizo zimeingia kwenye maji na shule. Vanga, karibu kabisa na mpaka wetu wa Horohoro, kuna mradi kama huo wenye hekta zipatazo 460. Sababu ya mikoko kutafutwa ni tope lake: majani na mizizi inayokufa humo haiozi yote kwa sababu hakuna hewa, na ukaa unalala chini ya maji kwa muda mrefu sana. Sehemu kubwa ya hazina ipo chini, kwenye tope, ndiyo maana kuchimba mashamba ya chumvi ndani ya mikoko kunaharibu kuliko shoka. Lakini tazama hesabu: ni mamia ya hekta, ni kijiji kizima, kuna wataalamu wa kupima na makubaliano na serikali inayomiliki msitu. Familia moja yenye kipande cha ufuko Kaole haiwezi kuuza hewa ya ukaa peke yake. Anayekuambia inaweza, na anataka ada ya usajili kwanza, mkimbie.

Kupanda, hata hivyo, pandeni, kwa sababu ufuko wenu unaliwa na bahari na mikoko huvunja nguvu ya mawimbi. Kabla ya hapo jiulizeni swali moja: je, hapo mbele kulikuwa na mikoko zamani? Waulizeni wazee, tafuteni visiki. Kama kulikuwa nayo, itarudi. Kama pamekuwa mchanga mtupu au majani ya bahari tangu enzi za bibi yako, miche yenu itaogelea kwenda Zanzibar. Vikundi vingi vimepanda miche elfu na elfu mahali ambapo maji hayaondoki vya kutosha, wakapigwa picha, na baada ya miezi michache hakuna kitu.

Kwa mkoko na msinzi hamhitaji kitalu. Mbegu yao huota ikiwa bado juu ya mti, inaning'inia, ndefu na ya kijani. Iliyokomaa ya mkoko ina pete ya njano pale inapoachana na tunda, na ukiivuta taratibu inatoka yenyewe, ikikataa, iache. Msiokote zilizotobolewa na wadudu. Ombeni ruhusa ofisi ya misitu hata kwa kuokota. Chomekeni theluthi moja tu ya urefu wake kwenye tope, ncha iliyochongoka chini, mita moja kutoka mche hadi mche, maji yakiwa yametoka. Zungusheni uzio wa makuti kama mbuzi wa jirani hufika hapo. Mlilana na mchu msijisumbue kupanda. Ukisafisha takataka za plastiki na kuacha maji yapite, mbegu zake zitaletwa na bamvua zenyewe, na mara nyingi ndiyo zinazoshika mbele ya nyingine zote.